Namna ya kuandaa mmea wa dawa kabla haujafika maabara

Gunia lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MUAROBAINI, MAJANI, KILO 12. Nikaingiza mkono, nikatoa kikonyo kimoja ambacho kwa bahati hakikuwa kimevunjika. Kilikuwa kimegawanyika mara mbili: vikonyo vidogo vinachipuka kutoka kwenye kikubwa, ndipo vijani vinafuata. Muarobaini hauko hivyo. Jani la muarobaini ni kikonyo kimoja kirefu chenye vijani kulia na kushoto, vimepinda kama mundu, kingo zake zina meno kama ya msumeno. Kilichokuwa ndani ya gunia kilikuwa mmelia, ndugu yake wa karibu, ambao watu wengi nao huuita muarobaini na ambao matunda yake ni sumu kwa binadamu.

Mwanafunzi aliyelileta alikuwa ameshamaliza nauli, posho na miezi miwili. Hakuwa na tawi hata moja alilolikausha kama kielelezo. Tukarudi mwanzo.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza kuhusu utafiti wa mimea ya dawa namwambia jambo moja: sehemu ngumu ya kazi hii iko porini na bandani, kabla hujagusa chupa ya maabara. Vipimo unaweza kuvirudia kesho. Mmea uliochumwa bila jina la uhakika, ukakaushwa vibaya, hakuna mashine itakayouokoa. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, wa mtafiti anayeanza, na hata wa mganga anayetaka dawa yake ichunguzwe.

Hatua ya 1: Vibali na salamu

Usichume hata jani moja kabla karatasi hazijakaa sawa. Tanzania Bara, kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kama utahoji watu kuhusu maradhi na tiba zao, unahitaji pia kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au bodi ya chuo chako. Ukiingia hifadhi ya msitu, TFS, wakala wa misitu, nao wana kibali chao. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa ajili ya kuchukua rasilimali za kijenetiki. Uganda utaanzia UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia.

Nyuma ya makaratasi hayo iko Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Inasema kwamba walioyatunza maarifa waulizwe kwanza na wakubali wenyewe, na faida ikipatikana nao wapate mgao. Andika makubaliano hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, yasomwe kwa sauti, kila upande ubaki na nakala. Nimeona fomu za Kiingereza zikitiwa sahihi na wazee ambao hawakuambiwa kilichomo. Hilo si kosa dogo la utaratibu. Ni kumdhulumu mtu aliyekukaribisha nyumbani kwake.

Kijijini anza ofisi ya mtendaji, kisha nenda kwa mganga ukiwa umefuatana na mtu anayemjua.

Hatua ya 2: Kaa na mwenye dawa

Usifike na dodoso mkononi. Kaa, jibu maswali yake kwanza, na mwache akupeleke mwenyewe mahali mmea ulipo. Ukimhoji kibarazani atakutajia jina. Ukienda naye shambani atakuonyesha mmea. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Bibi mmoja wa upande wa Muheza aliwahi kunipeleka kuchimba mzizi wa mtunguja. Jua lilikuwa limeshapanda. Alisimama karibu na kichaka, akakitazama, akaniambia: "Mwanangu, leo tumechelewa. Huu unachimbwa asubuhi, umande haujakauka. Njoo kesho." Nikajibu, "Sawa, bibi," na kesho yake nikarudi saa kumi na mbili na nusu. Akachimba mzizi mmoja wa upande wa mashariki na mmoja wa upande wa magharibi, akarudishia udongo, akaushindilia kwa kisigino.

Mtafiti mwenye haraka angeliona hilo ni desturi tu na kulipita. Andika kila kitu. Viini vya mmea vinaweza kupanda na kushuka kutwa nzima na kwa msimu, kwa hiyo saa ya kuchimba ni taarifa ya kisayansi. Na mti uliotolewa mizizi miwili ya pembeni, mzizi mkuu ukaachwa, unaendelea kuishi.

Kwenye daftari lako yaingie haya: jina la mmea kwa lugha ya pale na kwa Kiswahili, sehemu inayotumika, ugonjwa kwa maneno ya mganga mwenyewe (usigeuze "tumbo la chango" kuwa jina la kihospitali hapo hapo), namna ya kuandaa, kipimo, siku ngapi, nani hapewi. Swali la mwisho husahaulika sana. Waganga wengi wanajua vizuri dawa ipi haipewi mjamzito, na jibu hilo ndilo tahadhari ya kwanza kuhusu sumu utakayoipata.

Hatua ya 3: Kielelezo cha hebaria

Hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo gunia la mmelia lilipopotelea.

Kielelezo ni tawi lililokandamizwa na kukaushwa, linalohifadhiwa hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa, likiwa na namba, ili mtu yeyote miaka hamsini ijayo aweze kuhakikisha ulichokifanyia kazi. Majina ya kienyeji hayatoshi. Pakanga ni mfano mzuri. Wengi wakisema pakanga wanamaanisha Artemisia afra, kichaka chetu cha nyanda za juu. Mmea unaolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria ni Artemisia annua, wenye asili ya China. Wa kwanza hauna artemisinini, kiini cha dawa hiyo, ya kutajika. Wa pili ndiyo chanzo chake. Ukiandika "pakanga" peke yake, msomaji wako hajui umeandika kuhusu upi.

Vifaa: mkasi wa kupogolea, fremu mbili za mbao za takriban sentimita 30 kwa 45, mikanda miwili, magazeti, vipande vya maboksi, penseli. Ndiyo, penseli, wino huyeyuka karatasi ikilowa.

Chagua tawi lenye majani, na maua au matunda. Tawi la majani matupu linaweza kumshinda hata mtaalamu mzoefu. Kama mmea hauna maua, weka alama mahali hapo kwa GPS na urudi msimu wake. Kata tawi la urefu wa gazeti lililokunjwa, au ulikunje kwa umbo la V. Ulaze mmea ndani ya gazeti, majani mengine yaangalie juu na mengine chini, ili pande zote mbili zionekane. Weka boksi kati ya kila kielelezo, funga fremu, kaza mikanda.

Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo, kisha kila baada ya siku moja mpaka kikauke. Hii ndiyo kazi ambayo watu huichoka, na matokeo yake ni vielelezo vyeusi vilivyoota ukungu.

Siku hiyo hiyo, ukiwa bado porini, andika: namba yako ya ukusanyaji, tarehe, kijiji na wilaya, nukta za GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo na uoto, urefu wa mmea. Andika pia rangi ya maua, harufu ya jani ukilifikicha, na rangi ya utomvu. Kielelezo kikikauka hivi vitatu vinapotea, na ndivyo vingetenganisha muarobaini na mmelia bila shida: maua ya muarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau iliyofifia. Hata matunda hutofautiana. La muarobaini limerefuka kama zaituni. La mmelia ni duara kama gololi, na hubaki likining'inia mtini majani yakiwa yameshapukutika.

Chukua vielelezo vitatu au vinne kutoka mmea uleule na uvipe namba moja. Kimoja kipeleke hebaria ya taifa iliyo Arusha au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiwa Kenya, kipeleke Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo Nairobi, ambayo mizizi yake iko Amani, kwenye milima ya Usambara, ilikoanzishwa mwaka 1902. Weka pia vipande vichache vya jani bichi kwenye pakiti yenye silika jeli, punje zinazonyonya unyevu, kwa ajili ya DNA baadaye ikihitajika.

Mpaka hebaria ikupe jina na namba, usianze uchambuzi. Najua msimamizi wako anasukuma. Subiri.

Hatua ya 4: Vuna bila kuua mti

Kwa kipimo cha mwanzo nusu kilo ya malighafi kavu inatosha sana. Majani mengi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake yakikauka, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kukwea mti.

Magome yanataka uangalifu wa pekee. Bandua vipande vya wima, vyembamba, na kamwe usizungushe shina, kwa sababu njia ya chakula kwenda mizizini ipo kwenye gome. Ukiikata kuzunguka, mti unakufa ukiwa umesimama. Muiri, kama wanavyouita Wakikuyu, yaani Prunus africana, umevunwa hivyo kwa miaka mingi ili magome yauzwe Ulaya kwa dawa za tezi dume, hadi mwaka 1995 ukaingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kama jani lina nguvu sawa na gome, pendekeza jani. Huo peke yake ni utafiti unaostahili kufanywa.

Hatua ya 5: Kausha kivulini, na ujue kwa nini

Osha udongo haraka kwa maji safi, usiloweke. Mizizi na magome katakata vipande vya unene wa kidole kimoja au chini yake, kwa kisu cha chuma kisichoota kutu. Tandaza tabaka jembamba juu ya wavu ulioinuliwa, hewa ipite chini na juu. Geuza asubuhi na jioni. Ukitumia kikaushio cha umeme, nyuzi 40 za Selsiasi zinatosha kwa majani.

Joto si jambo la kupuuza. Tu Youyou na wenzake huko China walipokuwa wakitafuta dawa ya malaria, dondoo zao (viini vilivyotolewa kwenye mmea) za qinghao, yaani Artemisia annua, zilikuwa zikitoa majibu yasiyotabirika. Maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 yalielekeza kuuloweka mmea kwenye maji baridi na kukamua, bila kuchemsha. Tu akaona kuwa huenda moto ndio unaoharibu dawa, akatumia etha inayochemka kwenye joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililofanya kazi. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mganga akikwambia "hii haichemshwi", usiichemshe.

Jani limekauka pale linapovunjika kwa mlio likikunjwa. Kwa uhakika pima gramu 5 za unga, weka kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Zikibaki gramu 4.55, maji yalikuwa gramu 0.45, yaani asilimia 9. Ikizidi 12, rudisha kwenye wavu, ukungu unakuja.

Hatua ya 6: Kagua banda na mashine

Hatua hii mara nyingi haimo kabisa kwenye taarifa za utafiti. Watu hutaja mmea na kipimo, banda na kinu hawavitaji. Lakini nimeshuhudia dondoo likionyesha "nguvu ya kuua bakteria" ambayo ilipotea baada ya banda kuhamishwa mbali na stoo ya viuatilifu.

Ingia bandani mchana, funga mlango, tazama juu: kila tundu la bati linaloonyesha mwanga litapitisha mvua. Nusa. Ukisikia moshi, dizeli au dawa ya kilimo, mmea wako nao unavuta. Tafuta mavi ya panya pembeni mwa kuta. Kagua wavu kwa kuupitishia kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi ya kutu, ubadilishe. Kutu si suala la usafi tu. Mmea wenye tanini, viini vinavyokausha ulimi, ukigusana na chuma chenye kutu unageuka mweusi, na umeshabadilika kabla hujaupima.

Kinu cha kusagia: kilisaga nini jana? Kama ni cha mahindi au pilipili, kifungue, kisugue kwa brashi, kifute kwa ethanoli, kisha saga konzi moja ya mmea wako na uitupe. Angalia moshi wa injini unaelekea wapi. Kwa kinu cha umeme, hakikisha waya wa eathi umefungwa kweli, si kuning'inia.

Ukifanya kazi na mtambo wa kukamua mafuta kwa mvuke, kama inavyofanyika Pemba kwa makonyo ya karafuu, ukaguzi ni suala la uhai. Mtambo ukiwa baridi, mshale wa geji uwe kwenye sifuri. Ukikataa kurudi sifuri, geji imekufa, usiwashe moto. Valvu ya usalama iinuliwe kwa mkono ionekane inacheza. Nimewahi kukuta moja imefungwa kwa waya kwa sababu "ilikuwa inapoteza mvuke". Pita na tochi kwenye kila mshono wa kuchomelea, hasa chini kwenye maji, ambako kutu hula kutokea ndani. Kisha washa moto kidogo, mvuke ukiwa bado na nguvu ndogo pakaza povu la sabuni kwenye maungio. Panapovuja patatoa mapovu. Andika tarehe na jina la mkaguzi ukutani. Mtambo mkubwa wenye presha ni lazima ukaguliwe na mkaguzi mwenye leseni. Macho yako ni nyongeza tu.

Hatua ya 7: Saga, loweka, chuja

Saga kwa vipindi vifupi kinu kisipate joto, chekecha, hifadhi kwenye chupa ya rangi ya kahawia yenye lebo ya namba ya kielelezo.

Tengeneza madondoo mawili angalau: moja kama anavyolitengeneza mganga, mara nyingi kwa maji, na moja la ethanoli ya asilimia 70. Wengi huruka la mganga kwa sababu maji huota ukungu haraka, kisha wanatangaza kuwa dawa ya kienyeji haifanyi kazi wakati hawakuipima. Spiriti ya dukani usitumie. Inaweza kuwa na methanoli na rangi.

Pima gramu 100 za unga, mimina lita moja ya ethanoli, funika, tikisa mara chache kwa siku kwa saa 72 mahali pasipo na jua. Chuja kwa kitambaa, kisha pamba, kisha karatasi ya kuchujia. Ethanoli huwaka kwa mvuke wake hata kwenye joto la chumba, kwa hiyo jiko, sigara na swichi inayotoa cheche vikae mbali.

Kukausha dondoo tumia rotavepa, mashine inayozungusha chupa kwenye maji ya moto huku hewa ikinyonywa ili kiyeyushi kitoke; maji yake yasizidi nyuzi 40. Kabla ya kuiwasha, inua ile chupa ya duara mbele ya taa na uizungushe polepole ukitafuta ufa wenye umbo la nyota. Ndani hewa imenyonywa. Ufa mdogo tu unatosha kuipasua chupa kwa ndani na kurusha vioo.

Chupa tupu ikiwa na gramu 142.3 na baada ya kukauka ikawa na 150.9, umepata gramu 8.6, yaani asilimia 8.6 ya unga. Andika.

Hatua ya 8: Vipimo vya mwanzo

Tikisa dondoo na maji kwenye mrija: povu likidumu, shuku saponini, viini vinavyotoa povu kama sabuni. Tone la kloridi ya feri likigeuza rangi kuwa bluu nyeusi au kijani nzito, kuna tanini. Ni ile ile kazi ya kutu bandani. Kwa sumu, kipimo rahisi ni vifaranga vya kamba wadogo wa Artemia: vifaranga 10 kwa kila kichupa cha maji ya chumvi, viwango vitano vya dondoo, hesabu waliokufa baada ya saa 24.

Kila kipimo kiwe na chupa ya kiyeyushi peke yake bila mmea na chupa ya dawa inayojulikana, na kirudiwe mara tatu. Bila hivyo hujui kama bakteria wameuawa na mmea au na DMSO, kiyeyushi ulichoyeyushia. Na ukipata jibu zuri, liseme kwa kadiri yake: dondoo limezuia bakteria kwenye sahani. Usimwambie mgonjwa yeyote aache dozi yake ya hospitali.

Hatua ya 9: Rudisha majibu

Rudi kwa mganga na nakala ya kielelezo, picha, na majibu, hata kama ni mabaya. Hasa kama ni mabaya: mmea ulioua vifaranga wote 10 kwa kiwango kidogo ni habari ambayo anaihitaji kuliko profesa.

Nilimpelekea bibi wa Muheza karatasi ya mtunguja wake, jani na ua vimebandikwa, lebo imechapwa. Mjukuu wake akamsomea kila mstari. Akauliza, "Mbona hamkuandika saa?" Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, ila kwenye lebo haikuwepo. Nikatoa penseli, nikaongeza chini kabisa: *huchimbwa asubuhi, umande haujakauka*. Nakala zilizoko hebaria nazo zimeongezwa mstari huo.